Mkojo wa Rangi ya Machungwa: Dawa za TB na Kazi ya Muuguzi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Nyanya yangu hakuficha maradhi hata kidogo. Alikohoa mbele ya watu, akaenda zahanati kwa miguu yake mwenyewe, makohozi yakapimwa, akaambiwa ana kifua kikuu, yaani TB, akapewa dawa bila kutozwa hata senti moja. Alichokificha ni dawa zenyewe. Kisa hicho ndicho kilichonifanya nianze kuuliza maswali, na majibu niliyoyapata ndiyo ninayotaka tugawane katika ukurasa huu.

Mambo yalikuwa hivi. Kila alfajiri kabla ya kwenda sokoni, mama alimwekea nyanya vidonge vitatu kwenye kisahani na kikombe cha maji. Akirudi jioni kisahani ki tupu, basi anajua dawa imemezwa. Siku moja nikitafuta kiberiti jikoni nikafungua mkebe wa zamani wa majani ya chai, na loo! Vidonge vyekundu vimejaa. Nikavihesabu, vilikuwa ishirini na saba. Kwa hesabu ya vitatu kwa siku, nyanya alikuwa hajameza dawa kwa siku tisa.

Nilipomuuliza alinyamaza kwanza, halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, hizo dawa zinanipasua ndani. Nakojoa damu." Kumbe tangu siku ya kwanza aliona kile kindoo chake cha usiku kina maji mekundu mekundu kama soda ya machungwa. Akaogopa. Kumwambia mama akaona haya, na kurudi zahanati akahofia kupewa dawa kali zaidi. Akaamua afadhali kikohozi kuliko kutokwa na damu. Nani angemlaumu? Siku aliyopewa dawa foleni ilikuwa ndefu hadi nje, akaambiwa tu "meza tatu kila asubuhi", mlango ukafungwa.

Kesho yake tulienda naye, mimi nikiwa nimeomba ruhusa shuleni. Tulimkuta sista mwingine, mtu mzima kidogo. Mama alitaka kuanza kueleza makosa ya nyanya, lakini sista akamzuia kwa mkono. Akamgeukia nyanya mwenyewe, akamwamkia, akasema, "Nyanya, hebu niambie, hizi dawa ulielezwa nini?" Nyanya akajibu, "Nilielezwa nimeze." "Na ulipomeza uliona nini?" Hapo ndipo habari ya kindoo ikatoka yote. Sista hakumkaripia. Alichukua kidonge kimoja, akakisugua juu ya pamba yenye maji, pamba ikageuka rangi ile ile ya machungwa. "Umeona, nyanya? Hii si damu. Ni rangi ya dawa."

Ndani ya kile kidonge kimoja mna dawa nne. Rangi inatokana na ile iitwayo rifampisini, ambayo yenyewe ni unga mwekundu. Ikisha kufanya kazi mwilini hutoka kwa njia ya nyongo, mkojo, jasho na hata machozi, na kila inapopita huacha rangi yake. Haina madhara yoyote. Mtu aliyevaa blauzi nyeupe anaweza kuona kola imebadilika kidogo, nayo si ajabu. Rangi huonekana saa chache tu baada ya kumeza. Basi mkojo wa machungwa ni ushahidi kuwa dawa imeingia mwilini, na wauguzi wenyewe huutumia kama dalili. Yale yale yaliyomtisha nyanya ndiyo yangemtuliza, lau angeambiwa mapema!

Wenzake watatu wa rifampisini ni isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Mbona dawa zote hizo kwa ugonjwa mmoja? Ni kwa sababu viini vya TB si vya tabia moja. Vingine huzaana upesi, na hivyo isoniazidi huviua kwa wingi siku za mwanzo. Vingine hulala na kuamka kidogo kidogo, na rifampisini huvifikia hivyo. Vingine hujificha mahali penye asidi, huko pirazinamidi ndiyo fundi. Ethambutoli nayo huwalinda wenzake, kwani kiini kimoja kikijaribu kuizoea dawa moja, nyingine hukimaliza. Mgonjwa humeza zote nne kwa miezi miwili, kisha rifampisini na isoniazidi peke yake kwa miezi minne. Idadi ya vidonge huamuliwa na mizani. Nyanya ana kilo 46, ndiyo maana akapewa vitatu. Jirani mnene anaweza kupewa vinne au vitano. Kumgawia mwenzio dawa zako, au kumeza kipimo cha mtu mwingine, ni kuharibu hesabu yote.

Hiyo miezi sita ina historia hapa kwetu. Zamani matibabu ya TB yalichukua mwaka mzima au mwaka na nusu, na wengi walichoka njiani. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yakaonyesha kuwa miezi sita yatosha ikiwa rifampisini imo. Wagonjwa wa kwetu ndio waliojitolea, na leo dunia nzima inafaidika. Shuleni hatufundishwi hilo, nami naona ni kasoro.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona ndilo gumu zaidi katika kazi ya muuguzi. Kumwambia mgonjwa "usiogope" ni rahisi. Lakini dawa hizi hizi zina madhara ya kuogopwa kweli kweli, na baadhi yake yanafanana na yale yasiyo na neno. Rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi zinaweza kuumiza ini. Ini likiumia, mkojo pia hubadilika, huwa mweusi kama chai ya rangi! Je, nyanya kizee atatofautishaje machungwa na chai gizani? Nikamuuliza sista swali hilo, akacheka, akasema ni swali zuri. Akamshika nyanya kidevu, akamvuta kope ya chini. "Usitazame ndoo, nyanya. Tazama macho." Ini likidhurika, weupe wa jicho huwa wa manjano, hamu ya chakula huisha, mtu hutapika tena na tena, na tumbo huuma upande wa kulia chini ya mbavu. Akiona hayo asimeze tena, aje zahanati siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kadi. Pombe nayo huliongezea ini mzigo, kwa hiyo iachwe kabisa mpaka dawa ziishe.

Ethambutoli huweza kudhuru macho kwa namna nyingine. Mtu huanza kuona ukungu, au kutotofautisha nyekundu na kijani. Sista alimwonyesha nyanya kalamu mbili na kumwuliza rangi zake. Nilidhani anatania, kumbe anampima. Isoniazidi huleta ganzi na kuwashwawashwa kwenye vidole vya miguu na mikono, nayo huzuiwa kwa kidonge kidogo cha vitamini B6 ambacho nyanya alikuwa akikiacha kwa kuona ni kidogo mno kuwa dawa. Pirazinamidi huumiza viungo, magoti hasa, jambo ambalo mzee yeyote angedhani ni uzee tu. Kichefuchefu kidogo ni kawaida. Dawa humezwa tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula, lakini anayesumbuka sana anaweza kuruhusiwa kula kidogo, mradi asiache.

Vipele vya ngozi navyo visidharauliwe. Kulikuwa na dawa ya TB ya bei nafuu iitwayo thiasetazoni, iliyotumiwa sana Kenya. Mwaka 1991 watafiti wa hapa Nairobi walichapisha kuwa wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI walioitumia walipatwa na vipele vibaya, ngozi ikichunika, na baadhi yao wakafa. Dawa hiyo ikaja kuachwa. Madhara hayo yalijulikana kwa sababu kuna waliowatazama wagonjwa kwa makini na kuandika walichokiona. Kazi hiyo ya kutazama na kuandika kila siku ni ya muuguzi.

Kisha sista akauliza, "Unameza dawa gani nyingine?" Nyanya akasema hakuna. Sista akasema, "Mfuko uko wapi?" Mfuko ukamwagwa mezani, na ndani mkatoka vidonge vya presha. Rifampisini hulifanya ini livunje dawa nyingine kwa kasi mno, hata zikakosa nguvu. Baadhi ya dawa za presha ni hivyo. Vidonge vya kupanga uzazi ni hivyo, na mama kijana asipoelezwa anaweza kushtukia ana mimba. Dawa ya VVU iitwayo dolutegraviri humezwa mara mbili kwa siku badala ya mara moja kwa sababu hiyo hiyo. Sista alimpima nyanya presha, akamwandikia amwone klinisheni. Lau angeridhika na lile jibu la "hakuna", nani angejua?

Mwisho wa maelezo yote hayo nilitazamia aseme "umeelewa?" nasi tuitikie "ndiyo", kama tunavyofanya darasani hata tusipoelewa kitu. Hakusema hivyo. Alisema, "Nyanya, sasa wewe ndiwe sista na mimi ndimi mgonjwa. Nifundishe." Nyanya akajikohoza, akaanza. Kuhusu mkojo alieleza vizuri. Macho ya manjano akakumbuka. Akasema akijisikia nafuu atapunguza kidonge kimoja, na hapo sista akamrudisha nyuma. Wengi hupata nafuu baada ya wiki chache, kikohozi kikakoma, wakaona wamepona. Viini vilivyobaki ndivyo sugu. Vikizoea rifampisini na isoniazidi, TB hiyo huwa ya namna nyingine kabisa. Zamani ilitibiwa kwa miezi 18 na zaidi, pamoja na sindano zilizoweza kumwacha mtu kiziwi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mpango wa vidonge wa miezi sita, lakini hata huo una dawa zake kali. Zaidi ya hayo, viini hivyo sugu mtu huwaambukiza wa nyumbani mwake. Nyanya alinitazama mimi, maana ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Hakuzungumza tena habari ya kupunguza.

Zile siku tisa zilizopotea ziliongezwa mwisho wa kadi. Mama naye alikatazwa kuacha dawa kwenye kisahani na kwenda. Lazima mtu amwone mgonjwa akimeza kwa macho yake. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kazi hiyo nimepewa mimi. Kila asubuhi kabla ya kutoka natazama nyanya akimeza, natia alama kwenye kadi, kisha ananivuta karibu na mlango penye mwanga ili nimtazame macho. Makohozi yalipimwa tena mwezi wa pili, hayakuwa na viini. Yatapimwa mwezi wa tano na wa sita. Sasa tuko mwezi wa nne, na juzi, tukiwa kwenye foleni ya dawa, nyanya alimgeukia kijana mmoja aliyekuwa akianza, akamwuliza kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia, "Wamekwambia habari ya mkojo?"