Shindano Lako la Kwanza la Kuogelea, Kinga na Mbio, Karibu na Lac Vert

Labda umekwisha kusikia habari za triatloni. Ni shindano moja lenye kazi tatu zinazofuatana bila kupumzika: kwanza kuogelea, halafu kupanda kinga, ndiyo baisikeli, na mwisho kukimbia kwa miguu. Saa haisimami toka mwanzo mpaka mwisho. Hata dakika za kuvaa viatu zinahesabiwa.

Tarehe 14 Agosti 2022 shindano refu la namna hii, liitwalo Ironman 70.3, lilifanyika kwa mara ya kwanza huko Rubavu katika inchi ya Rwanda, mji unaopakana na Goma kando ya ziwa lile lile la Kivu. Watu waliogelea kilometa 1.9, wakapanda kinga kilometa 90, wakakimbia kilometa 21.1. Ukizijumlisha utapata kilometa 113. (Ile 70.3 ni hesabu ya maili.) Pengine wewe nawe unajitayarisha kwa safari kama hiyo. Ni jambo jema kwa mwili. Lakini usifanye hiyo ndefu kuwa ya kwanza. Wiki sita au nane mbele yake, shindana katika ile fupi: meta 750 za kuogelea, kilometa 20 za kinga, kilometa 5 za kukimbia.

Kwa nini? Kwa sababu kuna mambo ambayo mazoezi hayawezi kukufundisha. Unapoingia majini pamoja na watu wengi, mikono na miguu yao inakupiga, moyo unakwenda mbio, nawe unasahau namna ya kuvuta pumzi. Tena, unaposhuka katika kinga na kuanza kukimbia, miguu inakuwa mizito kama ya mtu mwingine. Hii si ugonjwa. Miguu ilizoea kuzunguka, sasa unaidai ipige chini. Baada ya dakika chache inakubali. Afadhali uyajue haya katika shindano la saa moja na nusu kuliko katika lile la saa saba. Kwa hiyo kila wiki, mara moja, shuka katika kinga ukimbie papo hapo dakika kumi au kumi na tano.

Mbele ya kuanza, mwone munganga. Mwenye ugonjwa wa moyo, au pumu, au ugonjwa wa damu unaoitwa SS, asianze bila kupimwa. Na mtu aliyetoka katika malaria juzi, damu yake ingali haba, angoje. Kumbuka pia kwamba ziwa la Kivu liko juu, yapata meta 1,460 juu ya bahari. Mgeni aliyetoka inchi ya chini ataona pumzi yake ni fupi siku za kwanza.

Sasa tuseme habari za mahali, maana hapa ndipo watu wengine wamekufa.

Lac Vert ni ziwa dogo lenye maji ya kijani, magharibi ya mji wa Goma, upande wa Mugunga. Limekaa ndani ya shimo la volkeno ya zamani, na kingo za mlima zinalizunguka. Panapendeza. Pametulia, hapana mawimbi kama katika ziwa kubwa, na mtu anayejifunza kuogelea huona ni pahali pake hasa. Lakini utulivu huo ndio unaotutia shaka. Pande hizo, kutoka Lac Vert mpaka ukingo wa ziwa la Kivu, ardhi inatoa gesi iitwayo kaboni dioksidi kwa nyufa za mawe ya volkeno. Wenyeji wanaiita mazuku. Zamani wengi walisema ni pepo mbaya, au ni uchawi wa jirani, kwa sababu mbuzi au mtu hukutwa amekufa asubuhi bila jeraha. Si pepo, si uchawi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, basi inatambaa chini kama maji na kujaa katika mabonde na mashimo. Haina rangi. Haina harufu. Moto huzimika ndani yake.

Katika hewa ya kawaida gesi hii haifiki hata sehemu moja katika elfu. Ikifika sehemu 3 katika 100, mtu anaanza kuhema. Ikifika 10, anapata kizunguzungu, anaanguka na kuzimia kwa dakika chache. Katika mazuku ya kweli inapita hapo sana, na pumzi chache tu zinatosha. Mwaka wa 1994, wakimbizi wengi kutoka Rwanda walipopiga kambi upande wa Mugunga, wataalamu wa volkeno walikuja kuangalia hatari hiyo kati ya watu waliolala chini.

Wewe mshindani uko katika hatari kuliko mtu anayepita na mzigo wake. Mtu aliyeketi anavuta lita sita au nane za hewa kwa dakika. Anayekimbia kwa nguvu aweza kuvuta lita mia na zaidi. Tena fikiri kinywa chako kiko wapi. Mwogeleaji anavuta pumzi juu ya maji kabisa, kwa kimo cha kidole. Mpanda kinga akipata pancha huinama au kuchuchumaa kando ya njia. Mkimbiaji aliyechoka hulala katika majani. Kila mara kichwa kinashuka pale ambapo gesi inakaa.

Na saa unayoipenda ndiyo mbaya. Usiku na alfajiri, upepo unapokuwa umelala na baridi ingalipo, mazuku hujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, hupungua. Basi usiende kule saa kumi na moja ya alfajiri; ngoja mpaka saa tatu au nne. Shauri letu ni hili: tembelea Lac Vert kwa macho, kaa juu ya ukingo, lakini uogelee katika ziwa kubwa, pahali penye upepo ambapo wavuvi na watoto wa mtaa wanaoga kila siku. Waulize wenyeji, hasa wamama wanaochota maji. Wanajua shimo kwa shimo. Ukiona ndege au mijusi wamekufa chini, rudi ulikotoka. Ukianza kuhema bila sababu au kichwa kuuma, simama wima, panda mahali pa juu.

Mwenzako akianguka shimoni, usimfuate. Ni neno gumu, maana moyo unakuvuta. Lakini mara nyingi anayekimbilia kuokoa anaanguka juu ya wa kwanza, na wa tatu juu ya wa pili. Ita watu, mvuteni kwa kamba au mti mrefu mkiwa mmesimama juu. Akiwa hapumui, mpulizieni hewa kinywani, mkampeleke hospitali hata akizinduka.

Mengine ni madogo. Usiogelee peke yako. Mtumbwi ukufuate, au ujifungie kiunoni kwa kamba bidoni tupu lenye kifuniko. Mawe ya volkeno ni makali: ukianguka na kinga, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, uulize kama sindano yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Kula chakula ulichokizoea, kama viazi, ndizi, au bugali na sambaza, saa tatu mbele ya kuanza. Kunywa kwa kiu. Wengine hujijaza maji tu saa nyingi katika shindano refu, mpaka chumvi ya damu inapungua na akili inachafuka. Chumvi kidogo na sukari katika maji husaidia.

Siku ya shindano fupi usitafute kumshinda mtu. Kaa pembeni au nyuma majini, wenye haraka wapite. Panda kinga ukiweza kusema maneno kamili. Ukibaki na nguvu, zitumie katika kilometa mbili za mwisho. Punguza mazoezi siku mbili tatu kabla, si wiki mbili, maana kazi yako kubwa ingali mbele. Baadaye pumzika siku moja, tembea au uogelee polepole siku mbili, na maumivu ya miguu yakiisha urudie kilometa zako ndefu pale ulipoziacha.