Kabla ya Kunadi Mali ya Marehemu

Katika nyumba zetu za Machakos, kigoda cha Kikamba chenye nakshi za nyaya za shaba, au bakuli la mti lililochongwa Wamunyu, huenda likawa ndiyo mirathi pekee ya bibi. Kukinadi ni halali: Mtume (s.a.w.) alimnadia Ansari mmoja bakuli na tandiko, wa kwanza akatoa dirhamu 1, wa pili 2, akauziwa. Kilichokatazwa ni najshi, kupandisha bei bila nia ya kununua.

Lakini tuulizane, ndugu zetu: mjane na mabinti wameridhia? Baada ya deni na wasia, mali ya marehemu ni ya warithi wote, si ya mwenye ufunguo wa sanduku. Mnada ukishafungwa, kitu hakirudi; dhulma hubaki.