Ploti ya Kitengela Bei Poa, Lakini Umeuliza Udongo?

Kama unaishi Kangemi unajua vile mvua ikinyesha viatu vinageuka vyekundu. Wasee wa Kitengela na Syokimau nao viatu huwa vyeusi na vizito, unatembea kama umefungiwa mawe. Usicheke. Hiyo rangi ndiyo huamua kama ukuta wako utapasuka.

Upande wa Kangemi na Kabete kuna miteremko, na mawe ya volkano yameoza polepole yakawa udongo mwekundu unaopitisha maji. Kusini na mashariki mwa jiji ardhi ni tambarare, maji hayana pa kwenda, ndio unapata ule mweusi watu wa mjengo huita black cotton. Ukinywa maji unafura. Kiangazi kikifika unanywea na kufanya nyufa za kuingiza mkono. Nyumba iliyo juu inapanda na kushuka, na kwa sababu pande zote haziendi sawa, ukuta unaachana. Fundi anayejua kazi huutoa wote mpaka afike murram au mwamba.

Baridi kali nayo hufanya mchezo kama huo. Mlima Kenya, ukipita mita 4,000 hivi, maji ya udongoni huganda usiku na kuyeyuka asubuhi. Barafu inamea kama sindano, inavuta maji kutoka chini na kuinua vijiwe. Kule Alaska nyumba nyingi husimama juu ya nguzo, ili joto la ndani lisiyeyushe ardhi iliyoganda.

Sasa swali la doo: utajuaje black cotton imeenda futi ngapi kwa ploti yako, na huwezi chimba kila mahali? Hapa ndio hesabu inaingia. Udongo wa karibu hufanana, wa mbali hutofautiana. Kwa hivyo ukichimba mashimo kumi kwa kona moja, umelipa kumi ukapata habari ya moja ama mbili. Ni kama kuuliza wasee kumi wa kijiwe kimoja watampigia nani kura, halafu unatangaza matokeo ya Kenya nzima.

Dawa ni kutandaza mashimo kama miraba ya draft, kisha uongeze machache yaliyo karibu karibu, uone kufanana kunaishia umbali gani. Ukishajua hilo, unakadiria pale hukuchimba: shimo la karibu linapewa uzito zaidi, la mbali kidogo. Danie Krige alianza hivi 1951 kwa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, na hesabu ikabaki na jina lake, krigingi. Utamu wake ni kwamba inakuonyesha pia wapi ramani inabahatisha.

Watafiti wa udongo, wakiwemo wale wa kituo cha kilimo-misitu pale Gigiri, wametumia mpango wa aina hiyo sehemu nyingi za Afrika: eneo la kilomita 10 kwa 10, vikundi 16, kila kimoja sehemu 10. Jumla 160.

Na watu wa Kangemi msijigambe sana, udongo wa kule chini mtoni si ule wa juu barabarani.

Kabla ulipe deposit, uliza mashimo yalikuwa mangapi, wapi, na yalienda chini kiasi gani. Wakisema ni moja tu, pale karibu na geti, uliza pia nani aliyelilipia.