Mgeni Mpe Jembe: Hoja za Soko Huria, Sera ya Marekani na Wakimbizi wa Dzaleka

Ikisiri

Makala haya yanafafanua hoja mbili za wanauchumi wa soko huria wa Marekani kuhusu msaada wa serikali. Ya kwanza ni kwamba fedha taslimu humfaa mpokeaji kuliko bidhaa. Ya pili ni kwamba uhuru wa kufanya kazi na biashara humfaa kuliko vyote viwili. Hoja hizo zinapimwa kwa hali ya wakimbizi wa kambi ya Dzaleka na wenzao waliowahi kuishi Lilongwe, nchini Malawi. Makala yanadai kwamba hoja ya kwanza imetekelezwa na ya pili imeachwa, na kwamba kukata msaada huku vizuizi vya kazi vikibaki hakustahili kuitwa sera ya soko huria.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii imezoeleka kufasiriwa kuwa onyo kwa mgeni anayependa kula bila kulima. Hata hivyo, ukiitazama sarufi yake, amri iliyomo haielekezwi kwa mgeni bali kwa mwenyeji. Mwenyeji ndiye anayeambiwa atoe jembe. Kwa hiyo mgeni aliyenyimwa jembe hawezi kulaumiwa kwa shamba lisilolimwa.

Kambi ya Dzaleka iko katika Wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza, na miongoni mwa waliofungwa humo walikuwamo wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakageuzwa kuwa kambi ya wakimbizi, iliyokusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wanaishi humo zaidi ya watu 50,000, wengi wao wakitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili, ambacho si lugha ya wenyeji wa Dowa, kimekuwa lugha ya duka, saluni, kanisa na mtaa ndani ya kambi hiyo. Kwa sababu hiyo, suala la Dzaleka linawahusu wataalamu wa Kiswahili: hii ni jamii ya wasemaji wa lugha yetu ambayo riziki yake inaamuliwa na sera zilizoandikwa Lilongwe na Washington.

2.0 Maana ya soko huria

Katika Afrika Mashariki istilahi hii ina historia yake. Nchini Tanzania, mwaka 1983, mfanyabiashara aliweza kukamatwa kama mlanguzi katika vita dhidi ya uhujumu uchumi. Miaka michache baadaye, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, biashara ileile ilikuwa ruksa. Tangu hapo wasemaji wamekuwa wakitofautisha kwa kejeli kati ya soko huria na soko holela. Tofauti hiyo inafaa kuhifadhiwa. Soko holela ni mahali pasipo na kanuni, ambapo mwenye nguvu humla mnyonge. Soko huria, kwa maana ya wanauchumi, ni utaratibu wa kisheria unaomruhusu kila mtu kuuza, kununua, kuhama na kuajiriwa kwa hiari yake, pasipo serikali kumpendelea mmoja dhidi ya mwingine.

Wanazuoni wawili ni muhimu hapa. F. A. Hayek, katika makala yake ya mwaka 1945 kuhusu matumizi ya maarifa katika jamii, alieleza kwamba maarifa yanayohitajika kuendesha uchumi yametawanyika miongoni mwa mamilioni ya watu, na hakuna ofisi inayoweza kuyakusanya yote; bei ndiyo inayoyasafirisha. Milton Friedman, katika kitabu chake *Capitalism and Freedom* cha mwaka 1962, alipendekeza kwamba serikali ikitaka kumsaidia maskini impe fedha badala ya kumchagulia mahitaji. Katika kitabu hichohicho alihoji leseni za kazi, akisema kwamba mara nyingi huwalinda walio tayari ndani ya kazi hiyo dhidi ya wanaotaka kuingia, na gharama humwangukia mnunuzi.

3.0 Kutoka gunia la nafaka hadi fedha taslimu

Kwa miongo mingi msaada wa chakula wa Marekani ulikwenda kinyume na mawazo hayo. Sheria ya Umma Namba 480, iliyotiwa saini na Rais Dwight Eisenhower tarehe 10 Julai 1954, ililenga kuitafutia soko ziada ya mazao ya kilimo. Ziada hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na serikali yenyewe, iliyowahakikishia wakulima wake bei nzuri hata pale soko lilipokuwa limejaa. Masharti ya usafirishaji nayo yalitaka sehemu kubwa ya shehena ichukuliwe na meli zenye bendera ya Marekani, hata kama nauli yake ilikuwa juu. Kwa nchi isiyo na bahari kama Malawi, safari haikuishia bandarini. Mzigo ulibaki na njia ndefu ya nchi kavu kutoka Beira, Nacala au Dar es Salaam.

Wakosoaji walitokea mapema. Mwaka 1960 Theodore Schultz, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alionya kwamba nafaka ya bure inaweza kushusha bei na kumvunja moyo mkulima wa nchi inayosaidiwa. Katika wilaya ya wakulima kama Dowa, hofu hiyo inaeleweka bila mchoro wa uchumi: mahindi yakigawiwa bure, anayetembea na kikapu chake kwenda sokoni hukosa mnunuzi.

Katika miaka ya karibuni Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likiwapa wakimbizi wa Dzaleka fedha taslimu. Hapa hoja ya Friedman imeshinda. Anayepewa gunia ambalo si haja yake hulazimika kuuza sehemu yake kwa hasara ili apate sabuni, dawa au daftari la mtoto. Anayepewa fedha huamua mwenyewe, na fedha hizo huwafikia pia wauzaji wa Kimalawi wa vijiji vya jirani.

Lakini fedha hubeba hatari ambazo gunia halina. Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, kutoka takriban kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa dola moja. Mfanyakazi anaweza kudai nyongeza, na mfanyabiashara anaweza kupandisha bei. Anayeishi kwa mgao pekee hana la kufanya ila kununua kidogo zaidi. Fedha taslimu, basi, ni nusu ya hoja tu. Nusu ya pili ni kipato.

4.0 Jembe lililozuiwa

Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 katika mwaka 1987, lakini iliweka pingamizi kwa vifungu kadhaa, vikiwemo vile vinavyohusu ajira na uhuru wa kutembea. Kisheria, mkimbizi anatakiwa kuishi kambini. Kwa muda mrefu sheria hiyo haikusimamiwa kwa ukali, na familia nyingi zilihamia Lilongwe, zikafungua maduka ya rejareja, zikalipa kodi ya pango na kununua bidhaa kwa wauzaji wa jumla wa mjini.

Amri ya kuwarudisha kambini iliyotolewa mwaka 2021 ilizuiwa mahakamani. Mwishoni mwa Machi 2023 ikatolewa nyingine, yenye ukomo wa tarehe 15 Aprili. Mei mwaka huo polisi walianza msako Lilongwe. Maduka yalifungwa, na mamia ya watu, watoto wakiwemo, walikamatwa na kupelekwa Dzaleka, baadhi yao baada ya kuzuiliwa katika gereza la Maula.

Serikali ilitaja sababu za usalama na uchumi. Malalamiko ya wafanyabiashara wazalendo kwamba wageni wanawapokonya wateja yapewe uzito wake; mwenye duka dogo anayepoteza mnunuzi hupata hasara ya kweli. Wanauchumi wa soko huria wangeuliza tu: mnunuzi yuko wapi katika hesabu hii? Duka likifungwa, mama aliyepata chumvi na mafuta kwa bei nafuu hulipa zaidi, mwenye nyumba hukosa mpangaji, na muuzaji wa jumla hukosa mteja. Hasara zao ni ndogondogo na zimetawanyika, hivyo hakuna anayewasemea.

Sheria zenyewe hazipatani. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 2012 ilikusudia kuwaondoa wafanyabiashara wa kigeni vijijini ili wabaki katika miji mikubwa. Sera ya wakimbizi inawaondoa mjini na kuwapeleka Dowa, ambako ni kijijini. Mtu aliye mgeni na tena mkimbizi, anayezifuata sheria zote mbili kwa moyo safi, hana pa kuweka meza yake.

5.0 Mwaka 2025: nusu ya hoja

Kwa miaka mingi Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa mashirika yanayohudumia wakimbizi, na pia mlango mkuu wa kutokea. Katika mwaka wa fedha 2024 ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongo waliongoza wakiwa takriban 20,000. Mkimbizi aliyepokelewa aliruhusiwa kufanya kazi tangu alipowasili, na alitarajiwa kurejesha mkopo wa nauli usio na riba. Yule aliyehesabiwa mzigo Dowa alikuwa, baada ya miezi michache, mlipa kodi na mlipa deni. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni sheria inayomzunguka.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisitisha mpango huo pamoja na sehemu kubwa ya misaada ya nje. Julai mosi shirika la USAID liliacha kuendesha misaada hiyo. Kiwango cha juu cha kupokea wakimbizi kilishushwa kutoka 125,000 hadi 7,500 kwa mwaka wa fedha 2026. Baadhi ya waungaji mkono walisifu hatua hizo kwa lugha ya soko huria: walipa kodi wamepunguziwa mzigo, na wategemezi watajifunza kujitegemea.

Hoja hiyo imekatwa katikati. Hayek na Friedman hawakufundisha kwamba kumnyima mtu msaada kunamfanya awe huru. Walifundisha kwamba kinachomwezesha kuishi bila msaada ni uhuru wa kubadilishana jasho lake na mahitaji yake. Dzaleka msaada umepungua, mlango wa kuhama umebanwa, na njia ya Lilongwe imefungwa kisheria.

6.0 Hitimisho

Soko lina mipaka. Yatima, mgonjwa na kikongwe hawatalishwa na leseni ya biashara, na kwao msaada utabaki kuwa wajibu. Lakini wengi wa Dzaleka ni vijana na watu wazima wenye nguvu. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, na Kenya, kwa sheria ya mwaka 2021, zimetambua haki ya mkimbizi kufanya kazi, ingawa utekelezaji haujakamilika. Hata chini ya vizuizi vya awali, utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) wa mwaka 2018 ulikadiria kuwa soko la Kakuma lilikuwa na thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka.

Malawi inaweza kuanza na hatua ndogo: kibali cha kazi na cha kutembea kwa anayejiandikisha na kulipa kodi. Wafadhili nao, ikiwa wamechoka kutoa, wadai ruhusa hiyo kwanza kabla ya kufunga mkoba. Kumnyima mgeni chakula na jembe kwa pamoja hakumo katika methali yetu, wala hakumo katika vitabu vya wanauchumi waliotajwa hapa.