Mgomo wa madaktari: Dawa ya deni ni kulipa

KILA madaktari wa umma wanapogoma, anayeumia kwanza ni mgonjwa maskini. Katika Kaunti ya Kwale, hospitali ya rufaa iko Msambweni. Huduma zikikwama hapo, mkazi wa Vanga au Lungalunga husalia na hospitali za kibinafsi za Ukunda na Diani, ambazo wengi hawazimudu, au safari ya Mombasa, ambako huenda mgomo uo huo umetanda.

Kwa nini basi daktari agome?

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki hiyo. Hata hivyo, si haki ya bure. Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 inadai ilani ya siku 7, na mwajiri halazimiki kumlipa mfanyakazi kwa siku alizogoma. Hivyo, hakuna anayegoma kwa anasa.

Chanzo cha mvutano ni mkataba wa Juni 2013 kati ya chama cha madaktari, KMPDU, na Wizara ya Afya. Mwaka uo huo, huduma za afya zilikabidhiwa kaunti. Serikali ikashikilia kuwa mkataba haukusajiliwa mahakamani, na kwamba kaunti, waajiri wapya, hazikushirikishwa. Kila upande ukamsukumia mwenzake mzigo.

Desemba 5, 2016, madaktari waligoma kote nchini. Februari 2017, viongozi wao wakatiwa ndani kwa kudharau agizo la mahakama. Mgomo ulikoma Machi 14, baada ya siku 100.

Mkataba wa 2017 ulimpa daktari mwanagenzi takriban Sh206,000 kwa mwezi. Mnamo 2024 serikali ikataka kumlipa Sh70,000. Mwaka uo huo kulikuwa na mgomo wa siku 56, na Desemba serikali ikakubali kulipa kiwango cha awali.

Huo ndio uzito wa hoja ya wanaogoma: sahihi ya serikali haikuheshimiwa hadi wodi zilipokosa madaktari.

Ni kweli kuwa mishahara ya umma ni mzigo kwa mlipa ushuru. Lakini hoja hiyo hutolewa mezani kabla ya kutia saini, si baadaye. Mgonjwa wa Msambweni hakuketi kwenye meza hiyo, ila ndiye anayelipishwa mkataba unapovunjwa. Wahenga walinena: dawa ya deni ni kulipa.