Hatari Haimo Katika Bhajia, Imo Katika Kachumbari

Je, wewe ni mmoja wa wale ambao Jumamosi jioni huwapeleka watoto mjini kula bhajia kibandani? Si vibaya. Kiazi kilichotoka sasa hivi kwenye mafuta na kuliwa kingali moto hakina neno, kwani moto huua viini vya maradhi.

Hatari imo katika kachumbari, kwa sababu haipikwi. Nyanya na dania zikioshwa kwa maji machafu, au mwuzaji akizishika kabla ya kunawa baada ya kwenda msalani, unaweza kupata kipindupindu au homa ya matumbo. Tena homa ya matumbo huchukua wiki moja hadi tatu kujitokeza, ndiyo maana wagonjwa wengi hulaumu bure chakula cha jana.

Bhajia ni rahisi kupika nyumbani. Kata viazi vyembamba, vichovye katika rojo zito la unga wa dengu, dania, pilipili na chumvi, kisha ukaange. Nawa kwa sabuni, osha nyanya kwa maji yaliyochemshwa, ndipo ukate kachumbari yako.

Homa ikizidi siku 3, usibahatishe dawa za dukani. Nenda ukapimwe.