SIMU INAJIPIGIA POLISI YENYEWE? SOMA HAPA KABLA HUJAIPELEKA KWA FUNDI

Mimi nauza kava na chaja Makoroboi, hapa Mwanza. Kila baada ya siku chache mtu ananiletea simu: "Kaka, hii ina mdudu, inalia king'ora yenyewe."

Mara nyingi si mdudu, ni SOS. Simu nyingi za Android, kuanzia toleo la 12 la mwaka 2021, ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara tano harakaharaka inahesabu sekunde chache, kisha inapiga namba ya dharura. Nyingine zinawatumia pia ndugu zako ujumbe na mahali ulipo. iPhone nazo zina ya kwao.

Sasa kava likibana kitufe, simu iko mfuko wa aproni, unainama kupima mzigo, kazi kwisha. Mama mmoja wa dagaa pale Mwaloni Kirumba yalimkuta. Mwanawe yuko Sengerema, akapata ujumbe wa SOS. Anapiga, mama hasikii kwa kelele za soko. Kijana akafunga duka, akaja mbio Mwanza. Anafika, mama anapima dagaa, hana habari! Nauli imeenda, mauzo ya siku yamelala.

Si kwetu tu. Mwaka 2023 polisi wa Uingereza walilalamika kwamba simu za kimya kwenye 999 zimeongezeka mno kwa sababu hiyohiyo. Na sisi wa ziwani tunaokumbuka MV Nyerere pale Ukara, Septemba 2018, tunajua dakika moja ya msaada ina uzito gani. Laini ya dharura isijazwe na mifuko yetu.

Fanya hivi leo:

1. Fungua mipangilio, tafuta neno SOS. Kama simu yako inakupa chaguo la kugusa na kushikilia kabla haijapiga, chagua hilo. Kama halipo na inakusumbua sana, zima ile ya kubonyeza mara tano. 112 utaipiga mwenyewe hata simu ikiwa imefungwa, hata huna salio.

2. Kagua kava. Kitufe kibonyee na kurudi vizuri. Kikiganda kwa magamba au mchanga, fundi akisafishe.

3. Kwenye watu wa dharura weka mmoja aliye karibu, na mpe pia namba ya jirani yako wa meza. Akikukosa, ampigie huyo kwanza.

4. Ikishapiga, USIKATE. Sema: "Samahani, simu imejipiga, niko salama." Ukikata kimya, aliyepokea atajuaje kama hujakabwa?

Wewe unayefunga hesabu usiku au kupanda mtumbwi alfajiri na pesa za mzigo, usikimbilie kuizima. Siku ukivamiwa hutapata nafasi ya kutafuta namba. Irekebishe tu, ikae tayari.

Mtumie na mwenzako wa meza ya pili. Biashara njema!